Fundi Shoto na Usiku wa Ijumaa

Mama Mkubwa huandika ubao wake kinyumenyume. Naliweka wazi hilo mapema, maana kila mgeni wa mtaa wetu hudhani mama wa watu amechanganyikiwa. Yeye ni shoto. Mtu wa shoto akiandika kwa chaki kuanzia mwanzo wa mstari, kiganja kinafuata nyuma na kufuta alichokiandika. Kwa hiyo yeye huanza na neno la mwisho, anarudi neno moja moja, mpaka anafika kwenye LEO. Ana macho ya fundi cherehani, anajua kila neno litakula nafasi kiasi gani. Sijawahi kuona mstari wake ukikosa pa kukaa.

Ubao wenyewe huuegemeza mlangoni pa chumba chake cha kushonea, na kila asubuhi huandika ni siku gani. Simaanishi Jumatatu au Jumanne, hizo kila mtu anazo. LEO NI SIKU YA NYUKI DUNIANI. LEO MELI YA TITANIKI ILIZAMA. LEO BINADAMU ALITUA MWEZINI NA BADO GAUNI LA MAMA WA NYUMBA YA KONA HALIJACHUKULIWA. Wapita njia husimama kubahatisha. Wanaona DUNIANI likitokea kwanza, mmoja anasema ni ya walimu, mwingine anasema ni ya redio, halafu linatokea neno CHOO na watu wanaenda kazini wakicheka.

Anayempelekea habari hizo ni mimi, mtoto wa mdogo wake. Nafanya kazi duka la dawa barabara ya juu, na nikipita asubuhi namsomea kwenye simu yote yaliyowahi kutokea tarehe kama hiyo. Anasikiliza akiwa na pini mdomoni, kisha anachagua. Wafalme hawataki, anasema waliozaliwa na taji watajiandikia wenyewe. Vita anavikubali siku vilipokwisha tu. Akikosa la maana hutunga lake, kama Alhamisi moja alipoandika: WIKI INA TANO MBILI NA HAINA SITA. SITA KAIIBA NANI? Watu walibishana kutwa nzima kwamba Jumatano ni tano, na Alhamisi nayo ni tano ya Kiarabu, sasa sita imekwenda wapi. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akala kiapo kwamba sita ndiyo ile siku mafundi cherehani wanayoahidi kumaliza nguo. Mama Mkubwa alicheka mpaka akatema pini.

Tarehe moja tu katika mwaka ubao hukaa mtupu, kumi na tatu Agosti. Hapo alifiwa na mama yake, yaani bibi yangu. Mtu akiuliza leo siku gani, anajibiwa "siku ya kazi" na anapewa kisogo.

Sasa nimweleze mama yangu, maana bila yeye hadithi haikamiliki. Mama ni dobi. Chumba chake cha pasi kimepakana na chumba cha Mama Mkubwa, vyote viwili vinatazama barabara, na nyumba ni ile aliyowaachia bibi. Katikati palikuwa na mlango. Mama Mkubwa akimaliza kushona, alinyoosha mkono wa kushoto bila hata kugeuka, na mama upande wa pili akaipokea nguo, akaipiga pasi, akaikunja. Waliishi hivyo miaka na miaka, huyu anashona na yule ananyoosha, midomo haikai.

Siku hizi mlango ule umezibwa kwa matofali. Mama Mkubwa alimwita fundi uashi, mama akaleta mchanga. Ndilo jambo la mwisho walilofanya kwa ushirikiano. Hawakupiga plasta, na matofali yenyewe ni membamba, kwa hiyo kila mmoja anasikia mwenzake akikohoa. Wanapotaka kuambiana jambo wananitumia mimi. "Mwambie mama yako sabuni yake inamwagikia kwangu." "Mwambie dada yangu aangalie mfereji wake kwanza." Nimesimama katikati, na wote wawili wamesikia kabla sijafungua mdomo. Mimi subira sikujaliwa, na kazi hiyo ilinichosha siku ya kwanza.

Na kisa ni kimoja. Miaka minne iliyopita bibi alilazwa hospitali. Mama alikuwa safarini kwa wakwe zake, na Mama Mkubwa ndiye aliyekuwa akilala wodini. Siku ya Jumanne akampigia mdogo wake simu kupanga zamu. Maneno aliyosema nayajua kwa moyo, maana nimeyasikia kwa wote wawili mpaka yamenitoka puani. "Mimi nitalala na mama usiku wa Alhamisi. Wewe lala naye usiku wa Ijumaa." Mama anayasema hivyo hivyo. Mama Mkubwa anayasema hivyo hivyo. Hapo hawakupishana hata herufi.

Alhamisi ile mama alirudi jioni. Usiku huo, saa saba, bibi akakata roho. Pembeni ya kitanda palikuwa na kiti kitupu. Muuguzi ndiye aliyemfumba macho.

Pale kaburini, mbele ya watu, Mama Mkubwa akasema, "Ilikuwa zamu yako." Mama akasema, "Zamu yangu? Yako." Wakatazamana, na hapo ndipo maneno yalipokwisha. Hata kibao cha kaburi kimeandikwa mwezi na mwaka tu, kwa sababu mama alisema tarehe kumi na mbili na Mama Mkubwa akasema kumi na tatu, na hakuna aliyetaka kushuka. Kila mwaka mama huenda kufagia kaburi tarehe kumi na mbili. Mama Mkubwa huenda kesho yake na kukuta limeshafagiwa, analifagia tena. Mimi niliona ni ukaidi tu wa watu wazima wawili, nikawaacha wanune.

Lakini mwaka huu mambo yalibadilika. Mama Mkubwa alitangaza kwamba anahama. Mwanawe yuko mji mwingine, ana nyumba kubwa, amemwita siku nyingi. Lori la kubeba vitu lingekuja Jumamosi. Nilimwuliza kwa nini sasa, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano kama hajanisikia, kisha akasema, "Nimechoka kusikia pasi ya mtu asiyenisemesha."

Nikamwambia mama. Akasema, "Safari njema yake," akaibamiza pasi mezani. Usiku nilimkuta amekaa kizani anatazama yale matofali. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Hawa watu walikuwa wanaachana kabisa, na mmoja wao angekuja kumzika mwenzake bila kuwahi kumwita jina.

Jumatano, tarehe kumi na tatu Agosti, nikapita asubuhi kama kawaida. Chumba cha kushonea nusu kilikuwa kwenye maboksi. Cherehani imefungwa kamba. Ubao uko mlangoni, mweusi, mtupu. Mama Mkubwa alikuwa ndani anakusanya vifungo kwenye kopo.

Nilipandwa na hasira, wala sifichi. Nilikuwa nimeshasoma kwenye simu tarehe ile ina nini. Nikachukua chaki, nikaandika kwa mkono wangu wa kulia, kuanzia mwanzo kama watu wote: LEO NI SIKU YA MASHOTO DUNIANI. Ndiyo, ipo. Kila kumi na tatu Agosti dunia inaadhimisha watu wanaotumia mkono wa kushoto, na shoto wetu kila mwaka anaifungia siku yake mlango. Nikaona haitoshi. Chini yake nikaongeza, kwa makusudi limchome: USIKU WA TAREHE 12 AGOSTI 1961 WALIANZA KUJENGA UKUTA WA BERLIN.

Akatoka na kopo lake la vifungo. "Nani kakwambia ushike chaki yangu?"

"Leo ni siku yako, Mama Mkubwa. Soma."

Akasoma mstari wa kwanza. Nikaona mdomo unataka kucheka, akauzuia. Utotoni, kwa bibi yake aliyemlea, alikuwa anafungwa mkono ule kwa kitambaa ili ajifunze kutumia wa kulia. Aliishi huko mpaka akawa msichana mkubwa, ndipo akaletwa mjini kwa mama yake, akamkuta mdogo wake amezaliwa na anakwenda shule. Kitambaa hakikumsaidia kitu. Kilimfundisha kutunga uzi kwa mkono wowote, basi.

"Kumbe tunayo siku," akasema. "Wangenifunga kitambaa siku nyingine."

Akashuka mstari wa pili. Uso ukakunjamana. Nikajiandaa kutukanwa kuhusu ukuta, na majibu nilikuwa nayo tayari. Lakini yeye akaigonga tarehe kwa kidole cha kushoto.

"Umekosea. Ni usiku wa kumi na tatu."

"Simu inasema kumi na mbili."

"Simu imezaliwa juzi. Si wewe mwenyewe uliyenisomea Novemba, siku ulipobomolewa? Walifunga njia watu wamelala, watu wakaamka tarehe kumi na tatu, wakakuta ndugu zao wako ng'ambo. Basi huo ni usiku wa kumi na tatu."

"Ni usiku wa kumi na mbili kuamkia kumi na tatu."

"Sasa si ndiyo hiyo hiyo ninayokwambia?" Alikuwa ameanza kukereka, na akikereka anaongea kama anamfundisha mtoto kushika mkasi. "Usiku ni wa siku unayoiamkia. Usiku unatangulia, mchana wake unafuata. Kwa bibi yangu nilikolelewa hakuna aliyehesabu vingine. Leo Jumatano. Jua likizama leo, huo unaoingia ni usiku wa Alhamisi. Shuleni kwenu mnafundishwa nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba shuleni kwetu Jumatano usiku ni Jumatano usiku. Badala yake nikakumbuka ile simu ya zamu. Nikamwuliza polepole, "Mama Mkubwa, usiku wa Ijumaa ni upi?"

"Swali gani hilo? Alhamisi jua likishazama, ni usiku wa Ijumaa."

"Na Ijumaa yenyewe, jua likizama?"

"Huo ni wa Jumamosi. Unaumwa?"

Upande wa pili wa matofali, pasi ya mama ilikuwa inagonga meza tangu nilipofika. Ikanyamaza.

Mimi sasa nilikuwa naona kila kitu, nikaona aibu kwamba miaka minne nilikuwa nabebeshwa maneno yale yale bila kuyasikiliza. Mama Mkubwa aliposema yeye atalala usiku wa Alhamisi, alikuwa anasema Jumatano usiku, na kweli alilala. Aliposema usiku wa Ijumaa ni wa mdogo wake, alikuwa anasema Alhamisi usiku. Mama yangu, mtoto wa mjini, mtu wa shule na redio, alisikia Alhamisi usiku ni wa dada na Ijumaa usiku ni wake. Katikati ya neno moja ukapotea usiku mzima, na ndio huo bibi aliokufa.

Sauti ya mama ikatoka kwenye matofali. Haikuwa sauti yake ya kawaida. "Mwulize huyo hapo. Mwulize, siku ile kwenye simu, huo usiku wa Ijumaa aliosema ndio huo?"

"Mwambie ndio huo," akasema Mama Mkubwa, ananitazama mimi. "Kwani kuna mwingine?"

"Mwambie kwangu mimi usiku wa Ijumaa ni Ijumaa usiku."

"Semeni wenyewe," nikasema. "Mimi si waya wa simu."

Mama Mkubwa akanipa kopo la vifungo. Alikuwa anahesabu kwa midomo: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Akarudia tena. Halafu akakaa juu ya boksi la vitambaa, mzito, kama mtu aliyeambiwa kwamba njia aliyopita haikuwepo.

"Dada," mama akaita. Miaka minne sikuwa nimelisikia neno hilo likiita mtu. "Dada, mimi nilijua uko naye."

Mama Mkubwa akageukia matofali.

"Nilifika jioni, wageni wameshatolewa wodini. Nikakuta chumba chako kimefungwa, nikasema leo yuko na dada, hana shida. Nikakaa nikampigia pasi gauni lake la kulalia nimpelekee kesho. Usiku kucha nilikuwa nanyoosha gauni la mama, nikijua uko naye."

"Mimi nilikwenda kulala kwa rafiki, karibu na hospitali," akasema Mama Mkubwa. "Nililala fofofo. Nikijua wewe uko naye."

Basi, mama hakuweza tena kuzungumza na matofali. Nilisikia mlango wake, na mara akatokea barabarani, amezunguka kwa mbele, pasi bado iko mkononi na waya unaburuta vumbi. Akasimama kizingitini. Hakuwa amekanyaga pale tangu mlango ulipozibwa. Akaangalia maboksi, akaangalia cherehani iliyofungwa kamba, akaonekana mdogo ghafla, mtoto aliyechelewa shule.

"Nilikuchukia," akasema.

"Na mimi nilikuchukia," akasema Mama Mkubwa. "Nilikuchukia vizuri kabisa."

"Kwa neno moja."

"Kwa neno moja."

Walilia. Mimi nililia vilevile, nikiwa nimeshika kopo la vifungo katikati yao kama mpumbavu. Fundi viatu ng'ambo ya barabara alisimama, akaona si mahali pake, akakaa tena.

Kisha mama akauliza lile lililokuwa linamla. "Alikuwa peke yake. Alikuwa ananingoja, dada?"

Mama Mkubwa alipangusa uso kwa mkono wa kushoto, ukamwachia chaki shavuni. "Nilipoondoka jioni ile nilimwambia, mama, mtoto wako mdogo anakuja sasa hivi. Akafurahi. Akasema basi nenda ukapumzike, umechoka. Nikamwacha anatazama mlango." Akamshika mama mkono, ule usio na pasi. "Miaka yote hii hilo ndilo lililonikaba. Nilimwahidi, na wewe hukuja."

"Basi alikufa akiningoja."

"Alikufa akijua unakuja," akasema Mama Mkubwa. "Hayo mawili si sawa, mdogo wangu. Na wewe ulikuwa unakuja. Ulikuwa unapiga pasi gauni."

Mama akakaa naye juu ya boksi. Boksi likabonyea, wakashikana wasianguke, na katikati ya kilio Mama Mkubwa akaanza kucheka. Alimwuliza mama ile pasi kaja nayo ya nini, alitaka kumnyoosha nani. Mama akaitazama kama hajawahi kuiona. Nikaipokea, nikaiweka mbali na vitambaa, maana bado ilikuwa ya moto.

Nilichelewa kazini siku hiyo na sikujali. Nilipokuwa natoka, mama alikuwa anasema, "Uje kula kwangu usiku wa leo."

"Usiku wa leo umeshapita," akajibu Mama Mkubwa. "Ulikuwa jana."

Mama akamkodolea macho. Nikaona mambo yanataka kuanza upya, nikasimama mlangoni tayari kuingilia. Lakini mama akavuta pumzi, akasema neno kwa neno kama anamsomea mtu anuani, "Leo, Jumatano, jua likishazama, kabla hujalala, uje kwangu tule."

"Hapo nimekuelewa," akasema Mama Mkubwa.

Hawakuzungumzia kuhama, si mbele yangu. Alhamisi cherehani bado imefungwa kamba. Ijumaa vilevile. Nikashindwa kuuliza, nikawa napita natazama lile fundo la kamba tu. Mtu kupatanishwa na ndugu yake hakumfanyi abaki, na yule mwanawe alikuwa ameshampakia chumba rangi.

Jumamosi lori likaja. Dereva, mtu mnene asiye na haraka, akashusha ubavu wa nyuma na kuuliza kitanda kiko wapi. Nikasikia nyundo ndani. Fundi uashi yule yule aliyeuziba mlango alikuwa amepiga goti mbele ya ukuta wake, na mama upande wa pili anapokea matofali moja moja. Fundi alikuwa analalamika kwamba hajawahi kuitwa kubomoa kazi nzuri namna ile. Mama Mkubwa alikuwa anafungua kamba ya cherehani kwa mkono wa kushoto.

"Niliambiwa ni kitanda, maboksi na cherehani," dereva akasema.

"Beba matofali," akasema Mama Mkubwa. "Mwanangu nimeshampigia simu. Nitakwenda kumtembelea, nitarudi."

Kuhusu kaburi, walibishana wiki nzima, na nilifurahi kusikia wakibishana kwa sauti zao wenyewe. Mama alishikilia kumi na mbili, Mama Mkubwa kumi na tatu. Mwisho wakakubaliana watakuwa wanakwenda pamoja jioni ya kumi na mbili, wanafagia taratibu, wanangoja jua lizame. Likizama, kwa mama bado ni kumi na mbili, na kwa Mama Mkubwa ni kumi na tatu. Wanakaa hapo kidogo wote wawili, wamemfikia mama yao usiku ule ule.